Habari Iliyomtangulia Profesa Isaïe Mbusa

Wapendwa wa Kabondo na wa Tshopo, padri wetu, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, na wewe pia uliyekuja kusikiliza nani anasema nini, maana siku hizi hakuna matanga yanayokosa mtu wa namna hiyo, karibuni wote. Mimi ni Timothée, mdogo wa marehemu, nilikagua mizigo bandarini miaka kumi na tisa, na sijawahi kuliamini gunia lililoshonwa vizuri kupita kiasi. Familia imenituma nisome historia ya yaya wangu, kaka yangu mkubwa, nami nitaisoma yote, hata pale inaponiaibisha mwenyewe.

Isaïe Mbusa alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tatu 1943, karibu na Lubero, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa Pierre, mkulima wa kahawa, na Adèle, wote wawili marehemu. Alipokuwa na miaka tisa alimsindikiza baba kupeleka kahawa kwa mnunuzi, akaona mshale wa mizani umelala chini ya sifuri wakati gunia lingali begani mwa baba, akauliza kwa sauti, akapigwa kofi na mnunuzi, na baba, Mungu amrehemu, akamwambia anyamaze. Kofi lile halikumtoka. Tangu hapo, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, alikuwa akisema: “Mashine yenye kujibu mbele ya kuulizwa, usigombane nayo, tafuta mwenyewe wake.”

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia 1950 hadi 1956, akamaliza sekondari 1963, akafundisha miaka minne vijijini, akaingia chuo kikuu 1967 na kutoka na digrii 1971, kisha akaenda Ubelgiji 1976 na kurudi na udaktari 1981, akiwa na masanduku mawili ya vitabu na koti moja ambalo hapa Kisangani halikumfaa kitu. Alifundisha siasa na uchumi mpaka miguu ilipokataa kumbeba. Wanafunzi wake mnajua alivyofundisha, kwamba serikali mpya ni kama mpangaji mpya, kabla ya kumuuliza jina muulize nani alimpa ufunguo. Mnajua pia alivyosema juu ya biashara yetu ya almasi, kwamba tangu wenye komptuari, yale maduka ya kununua mawe, walete simu za satelaiti, bei ya jiwe inajulikana ng'ambo kabla mchimbaji hajanawa mikono, na anayejua wa mwisho ndiye anayekula wa mwisho.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1972 alifunga ndoa na Wivine, mwalimu, na hata siku hiyo hakupumzika. Ulikuwa wakati wa kuambiwa kila kitu kiwe cha asili yetu, wageni wakawa wanasifu kitenge cha bibi arusi kwa uasili wake, bwana arusi akainama, akapindua ukingo wa kitambaa, akasoma kwa sauti jina la mji wa Ulaya kilikotengenezwa. Wivine hakuzungumza naye siku mbili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jérémie, aliyezaliwa 1974, ambaye yuko Kinshasa na vita vimemzuia asije, na Joëlle, aliyezaliwa 1977, muuguzi kule Basoko. Wivine alitutangulia mwaka 1995.

Vita vilipoingia mjini mwezi wa nane 1998 na mto ukafungwa, wafanyabiashara wa Kabondo walinunua phonie, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, wakatafuta nyumba ya kuiweka. Yaya alikubali iwekwe kwake, lakini kwa masharti, kwa kuwa alisema mashine isiyo na baraza ni chifu asiye na wazee. Akaandika sheria, akazibandika ukutani: kila habari iandikwe katika daftari na kutiwa sahihi na anayeituma na shahidi mmoja, shahidi asitoe nje neno la mtu, na uongo ukipita katika mashine, urekebishwe na kinywa kile kile mbele ya masikio yale yale. Daftari lilikaa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake, wa pili kwa Mama Kanyere, jirani yetu, mjane, muuzaji wa chumvi na sabuni kwa jumla, na mwenye ufunguo akifa, sanduku lisifunguliwe mpaka siku ya tatu. Mkubwa mmoja wa askari alikuja kutaka kusoma habari za watu, kila mmoja akamtuma kwa mwenzake, akachoka. Na mwezi wa sita mwaka huu, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita juu ya vichwa vyetu, bomu likabomoa nusu ya paa, yaya alilitoa kwanza lile sanduku, vitabu vyake vikanyeshewa.

Ugonjwa wa moyo ulimshika mwezi wa nane, miguu ikavimba, maji yakaingia mapafuni. Joëlle aliomba ruhusa mara tatu aje kumuuguza baba yake, na mara tatu askari wenye kizuizi cha mtoni walimjibu kwamba karatasi ya kupita ni ya maziko tu, si ya wagonjwa. Jumatatu tarehe 13 mwezi wa kumi na moja Daktari Alphonse alizungumza na mgonjwa, wakiwa wawili tu, nami sikuambiwa waliongea nini, jambo ambalo niliweka moyoni kama ninavyoweka kila nisichoambiwa.

Ijumaa tarehe 17, saa kumi jioni, Joëlle alishuka kwenye pirogi, mtumbwi wa mtoni, akaja juu ya toleka, baiskeli ya abiria, akilia njia nzima, amevaa kitenge cha msiba, akaingia na kumkuta baba yake ameketi kitandani. Mkononi alikuwa na karatasi ya Jumatano tarehe 15 yenye ruhusa ya kuja kumzika, aliyoiomba kwa habari ya phonie ya Jumanne. Wengine walisema phonie imekosea, yaya mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, akamwambia mtoto aketi, wakala lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa Mama Kanyere katika sahani moja. Kesho yake, Jumamosi tarehe 18, saa nane mchana, Profesa Isaïe Mbusa alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi. Nani alijua kifo siku nne kabla ya kifo? Shahidi wa phonie wiki ile alikuwa Kanyere, aliyepika chakula wiki ile alikuwa Kanyere. Uani watu walikuwa wameanza kunong'ona, lisemwalo lipo, kama halipo laja, nami nikaongeza la kwangu, kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza mama huyu mbele yenu nani alituma habari ile Basoko, akanijibu: “Papa Timothée, mambo ya mutu mwingine mimi siwezi sema. Muongoje siku ya tatu.” Ninyi nyote mlisikia nilivyomwita mchawi na muuaji, mkaniona nikitupa sufuria zake barabarani, na hakuna aliyenishika mkono. Yeye aliondoka bila kujitetea, na kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Leo, Jumatatu tarehe 20, siku ya tatu, saa moja asubuhi, tulifungua sanduku, yeye kwa ufunguo wake, mimi kwa ufunguo niliouvua shingoni mwa marehemu, mbele ya padri na kamati ya phonie. Nasoma lililoandikwa Jumanne tarehe 14, saa tatu na dakika arobaini asubuhi: “Kwa Joëlle, Basoko. Papa amefariki. Omba karatasi ya maziko, uje mbio.” Aliyetuma, Isaïe Mbusa. Shahidi, Kanyere. Na pembeni, kwa mkono ule ule: “Habari hii si ya kweli bado. Daktari amenipa siku chache, na mlango ni huu mmoja tu. Ni uongo wa kwanza kupita hapa, nami nitausahihisha mwenyewe kabla ya Jumapili.” Niliulinganisha mwandiko huo na barua zake tatu, kwa sababu hata kwa yaya sikuacha tabia yangu. Ni wake. Maisha yote alinifundisha kutafuta mwenye mashine, na nilipomtafuta nilimtazama kila mtu isipokuwa yeye.

Familia inamshukuru Daktari Alphonse na wauguzi wake waliotibu kwa dawa kidogo na moyo mwingi, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, jumuiya yetu ya kikristo, kamati ya phonie, vijana wa toleka waliobeba maji na viti bila kudai kitu, na majirani wote wa Kabondo.

Nimebakiza mmoja. Mama Kanyere, nakuona umesimama nje ya ua, mahali nilipokufukuzia. Kinywa ni kile kile na masikio ni yale yale ya Jumamosi, basi wote wasikie: nililolisema juu yako ni uongo, hukumuua kaka yangu, ulimtunzia siri yake hadi ukatukanwa kwa ajili yake, na mimi naona haya, naomba unisamehe. Sufuria zako nimeziosha kwa mikono yangu, ziko hapa kando ya jeneza. Ingia, mama, kiti cha mbele ni chako, hatutamnyanyua marehemu kabla hujaketi.

Na wewe, yaya, habari yako uliisahihisha kwa wakati, ulipoifanya kuwa kweli Jumamosi, yangu nimeisahihisha kwa kuchelewa. Joëlle alikukuta. Pumzika sasa kwa amani.