Nakwawi Lokeris na Tarehe Aliyoikataa

Tarehe 30 Juni, Dkt. Nakwawi Lokeris anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika idara yetu ya visukuku hapa Lodwar. Waliotarajia kwamba umri ungemlainisha wamengoja bure.

Kazi yake ilikuwa meno ya nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika upesi: kadiri zama zilivyopita, magego yao ya mwisho yalizidi kurefuka. Mpe gego lililochimbwa tabaka moja na zana za mawe, atakuambia zana hizo ni za zama zipi. Mpe lililookotwa mteremkoni, ambako mvua huchanganya ya juu na ya chini, atakurudishia mkononi, na chai hupewi. Mimi nilirudishiwa langu mwaka wangu wa kwanza kazini.

Kisha likaja suala la Lokadeli, ambako mradi aliokuwamo ulichimbua zana za mawe. Majivu ya volkano ya pale yalipimwa ng'ambo, jibu likawa miaka milioni tatu. Mkuu wa mradi akaandaa sherehe, na wenyeji wakasimamisha kibao barabarani: zana kongwe kuliko zote duniani. Nakwawi, mzaliwa wa palepale, akasema nguruwe waliochimbwa pamoja na zana hizo hawafiki hata milioni mbili. Akaambiwa atie saini ripoti yenye tarehe hiyo au aondoke mradini. Akaondoka.

Kilichomuuma ni nyumbani. Mjomba wake, Mzee Lopeyok, alimkabili barazani mbele ya watu.

"We ni mtoto wetu ama wa hao nguruwe?"

"Mjomba, ukienda kununua mbuzi, unaamini maneno ya mwenye kuuza?"

"Mimi? Namfungua mbuzi mdomo, naangalia meno."

"Basi hata mimi nimefungua."

Watu walicheka. Mzee hakucheka, na alimnunia muda mrefu.

Majivu yalipopimwa upya, ikaonekana yalikuwa na chembe za mlipuko wa zamani zaidi. Umri ukashuka hadi pale walipokuwa nguruwe. Mradini hakuna aliyemwomba radhi, na hilo linatukera mpaka leo. Mzee Lopeyok alifika ofisini akivuta beberu wa kuchinjwa, akadai alikuwa anapita tu.

Ahsante, Nakwawi. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake na mbuzi wanaozaa mapacha. Wakija tena na tarehe tamu kuliko ushahidi, watatukuta hapahapa, na hatutatia saini.