Papa Sudi na siku ya wageni wa Lubumbashi

Wandugu wafanyakazi, wapapa na wamama mulioalikwa: tarehe makumi tatu, mwezi wa sita, mwaka wa 1987, Papa Sudi Ramazani anashuka ku kiti ya shofere na hatapanda tena. Alianza kuendesha bisi ya Kindu mwaka wa 1963. Hesabuni wenyewe: miaka makumi mbili na ine. Walinichagua mimi Riziki, mama wa kukata tikiti, niandike maneno yake, juu nimekaa nyuma ya mugongo yake miaka kumi na sita. Masomo yangu ni kidogo, lakini macho iko.

Papa Sudi ni muzaliwa wa Kibombo, kwa watu wa mupunga. Alifika Kindu kijana, akabeba mizigo ku port, kisha fundi moja wa gari la moshi akamufundisha kuendesha. Bisi ilikuwa moja, njia moja: gare ya gari la moshi, soko, hopitali, mpaka Mikelenge, na kurudi. Vibao hatuna. Kituo moja inaitwa Ku Mashini, juu kuko mashini ya kukoboa mupunga. Ingine inaitwa Ku Fundi-Saa, hata kama fundi mwenyewe alihama zamani, akafuata mwanamuke Kisangani. Ile habari ni ndefu, nitaisema siku ingine.

Ni muntu wa maneno kidogo. Kwa ile bisi mimi ninasema kwa sisi wawili. Lakini hakuna mama wa soko asiyejua tabia yake: akiona muntu amesimama kando ya njia na beseni ku kichwa, muguu yake inaenda ku freni yenyewe. Haulizi kama ni kituo ao si kituo. Mvua ikinyesha, bisi ikizama ndani ya matope ya Mikelenge, watu wakishuka kusukuma, kisha yeye anawashukuru mumoja mumoja, kwa jina.

Mwaka wa 1977 mazutu, mafuta ya bisi, ilikosekana wiki saba. Bisi haikutembea. Papa Sudi alitoka nyumbani kila siku saa kumi na mbili ya asubui, anakuja kukaa ku kiti yake, anapanguza vioo, saa sita anarudi. Bibi yake Mama Aziza akaingia mashaka: bwana gani anaenda kazi pasipo kazi? Akazani kuko mwanamuke mwingine. Siku moja akamufuata polepole mpaka ku gare, akamukuta amelala juu ya usukani na kitambaa mukononi. Mama Aziza mwenyewe njo alituambia, na tukacheka mpaka machozi.

Sasa kuko neno moja Papa Sudi hapendi niliseme, lakini nitalisema. Miaka ile yote hakuwa na matrikule. Matrikule njo namba ya mufanyakazi wa kweli. Kama huna ile namba, wewe ni muntu wa kila siku tu: leo kazi iko, kesho wanakufukuza, na ukizeeka hakuna pansio ya kukulisha. Kila mwaka biro ilimuambia kama karatasi yake iko njiani. Yeye anaitika, anarudi ku usukani. Watoto wake walizaliwa sita, karatasi iko tu njiani.

Njo tukafika mwaka wa 1978, mwezi wa tano. Wageni tisa walitoka Lubumbashi na gari la moshi, watu wa ziara, wanataka kuona muji yetu siku nzima. Mukubwa wao alikuwa mama moja wa miwani, citoyenne Zawadi. Gari ya kutembeza wageni hatukuwa nayo. Direkteri wetu wa siku ile, jina yake tuache, akasema wachukue bisi yetu, waioshe, wafunge kitambaa mbele chenye kuandikwa TOURISME. Akamuita Papa Sudi mbele yetu sisi wote. Akamuambia: "Sudi, leo ukifanya muzuri, unapata matrikule. Ukiharibisha, rudia Kibombo ukalime mupunga."

Papa Sudi akaitika. Akashika kitambaa, akaenda kupanguza vioo.

Taabu ilianza asubui. Muntu wa kueleza wageni alikuwa Donatien, anakaa Alunguli, ngambo ya mayi. Siku ile ukungu ulifunika muto Lualaba mpaka mutumbwi mbele yako huoni. Wenye mitumbwi wakakatala kuvuka. Donatien akabaki kule na karatasi yake ya maelezo. Wageni wameketi, wanaangalia saa. Papa Sudi akaniangalia, akawasha mashini, tukatoka.

Mpaka hopitali tulienda muzuri. Kisha Ku Mashini tukamukuta Mama Hadidja, muuzaji wa mupunga, na beseni ku kichwa. Muguu ya Papa Sudi ikaenda ku freni. Bisi ikasimama. Na mimi, mukono yangu ulishazoea vilevile, nikafungua mulango. Kitambaa cha TOURISME, Mama Hadidja hakukisoma. Aliona bisi, na nyuma ya usukani aliona Papa Sudi. Akapanda, akaweka beseni katikati ya njia, akamuambia mugeni mumoja wa koti ya abacost nyeusi: "Citoyen, sogea kidogo. Huu mupunga nao una tikiti."

Kusema kweli, pale tungeweza kusimamisha mambo. Lakini utamushusha namna gani muntu ameshaketi? Ku kituo ya kufuata wakapanda watatu. Kisha wanafunzi. Kisha muzee Édouard, aliyetia makaa ndani ya gari la moshi miaka makumi tatu, na godoro juu ya paa. Nilikata tikiti sawa siku zote, juu sikujua kufanya ingine.

Na wageni waliuliza. Hii nyumba ni ya nani? Watu wakawajibu, kila mumoja kwa yake. Mama Hadidja akawashusha Ku Mashini wakati wa kurudi, wakaona mupunga unavyokobolewa, wakatoka weupe sawa waokaji wa mukate. Muzee Édouard akawaonyesha mashini ya zamani ku gare na alama ya moto ku mukono, pale ilimuunguza. Mbele ya muskiti kulikuwa kilio. Papa Sudi hapiti kilio, hata siku moja. Akazima mashini, bisi nzima ikashuka kutoa pole, wageni vilevile. Citoyenne Zawadi alishika mukono ya mujane, akamuuliza marehemu alikuwa nani, akangojea mpaka ameelezwa yote.

Saa nane tukafika ku port. Direkteri alikuwa anangojea na wachezaji wa animation, wale wa kupokea wakubwa, ngoma tayari, chupa za beya ya baridi. Bisi ya TOURISME ikasimama mbele yake na watu makumi ine, kuku mbili, godoro juu. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Direkteri akamuvuta Papa Sudi kando, lakini si mbali, tulisikia. Akauliza nani alitoa ruhusa ya kupandisha watu. Mulango ni mimi niliufungua, mbele ya wote. Papa Sudi alijua, na alijua vilevile kama niko mujane na watoto. Akasema: "Ni mimi peke yangu."

Direkteri akamujibu kama kesho asikuje tena ku kazi.

Nilishuka niseme ukweli. Papa Sudi akanikata na macho, nikanyamaza. Hata leo ninaona haya ya ile siku, na kwa hiyo ninaandika.

Wageni walikula, wakacheza, wakarudi ku bisi. Kulikuwa karatasi ya mwisho: mukubwa wa wageni anajaza namna ziara ilikwenda, anatia sahihi, karatasi inaenda juu, kwa wakubwa. Direkteri aliitaka sana ile sahihi. Citoyenne Zawadi akajaza juu ya goti yake. Kila mustari aliandika muzuri: bisi muzuri, njia muzuri, maelezo muzuri sana. Kisha bik yake ya kuandika ikasimama. Akasema: "Hapa wanaomba jina na matrikule ya shofere."

Direkteri akasema matrikule iko njiani.

"Tangu mwaka gani?"

Direkteri akatafuta ndani ya mifuko yake. Mama akageukia Papa Sudi. Papa Sudi akajibu polepole kama ni tangu soixante-trois, miaka kumi na tano.

Yule mama alivua miwani, akaipanguza, akaivaa. Hakupiga kelele. Akasema karatasi yenye nafasi wazi haitiwi sahihi, njo sheria, na yeye sheria anaipenda. Kisha akapanda bisi, akaketi pembeni ya beseni ya Mama Hadidja. "Nitangojea humu." Wale wanane wakamufuata. Watu wetu nao wakapanda, juu hakuna aliyetaka kukosa ile habari.

Tulikaa ndani ya joto saa nzima. Mama Hadidja akawagawia karanga. Gari la moshi ya wageni ilipiga honi ya kwanza. Ya pili. Njo direkteri akatuma sekreteri na mbio ku biro, akaleta kitabu kikubwa cha wafanyakazi, karatasi ya matrikule na muhuri. Direkteri akaandika juu ya boneti ya bisi, jasho inaanguka juu ya karatasi: Ramazani Sudi, shofere, matrikule 218.

Citoyenne Zawadi akaandika namba, akatia sahihi, na ile ya kesho asikuje ikaishia pale. Papa Sudi alisoma karatasi yake mara mbili, akaikunja, akaitia ku mufuko ya shati. Akaniuliza kama watu wa Mikelenge wameketi wote, juu saa imeenda. Akawasha mashini, tukawapeleka wageni ku gare, kisha kila muntu kwake.

Direkteri hakumusalimia tena mpaka siku alipohama. Haizuru. Tangu siku ile Papa Sudi alifundisha mashofere wawili, Amuri na Désiré, hakugonga hata mbuzi, na leo anaondoka na pansio iliyoandikwa kwa jina yake, hakuna muntu wa kumuambia iko njiani.

Papa Sudi, sisi wote wa bisi, wa garage na wa biro, na wamama wa soko walionituma, tunakushukuru. Mimi ninakushukuru mara mbili, unajua sababu. Uzeeke polepole, na Mama Aziza, na wajukuu, na afya. Kesho Désiré atashika usukani. Saa kumi na mbili ya asubui tutapita mbele ya mulango yako, nimeshamuambia asipige honi. Ukisikia mashini, geukia upande mwingine, ulale.