Jengo Lililodhani Hatumo

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Prudence Nduwimana anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuyahudumia maghorofa yetu ya Etobicoke, huku ughaibuni. Sisi tunamwita Mama Divin. Alianza kwa kufagia ngazi, akahamia chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto, na leo anaondoka akiwa msimamizi wa mitambo yote ya joto, hewa na taa.

Isemwe wazi: Mama Divin ni mdadisi hadi anachosha. Boila ikikohoa, sisi wengine tunaizima, tunaiwasha tena, tunakwenda zetu kunywa chai. Yeye huketi mbele yake akiuliza kwa nini. Mimi Amandine, mwenzake wa zamu, nimekunywa chai peke yangu miaka mingi kwa sababu ya hiyo kwa nini.

Miaka sita iliyopita uongozi ulitangaza kwamba maghorofa yatageuzwa kuwa majengo majanja, yanayoongozwa na kompyuta. Fundi wetu ambaye angefaulu kozi ya uhandisi wa majengo hayo ndiye angekabidhiwa mitambo. Asipopatikana, kazi ingekwenda kwa kampuni ya nje, nasi tungekwenda nyumbani. Mama Divin akajiandikisha, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Kozi ilimtoa jasho. Alirudi kutoka chuoni kichwa kimejaa hesabu za joto linalopotelea ukutani, na mtihani wa kwanza akaanguka vibaya. Alilia, wala hakuficha. Mwanawe Divin ndiye aliyemfundisha hesabu: mama aliuliza kwa Kiswahili, kijana akajibu kwa Kiingereza, wakakutana kwenye jibu. Mwalimu wake, Mhandisi Azim wa Unionville, mzaliwa wa Mwanza, aliniambia hajawahi kupata mwanafunzi wa kumchelewesha kurudi nyumbani kwa maswali namna ile. Alilisema hilo kwa furaha.

Ikabaki kazi ya mwisho, ya kufaulu au kuanguka: kukifanya chumba kimoja kitambue watu na kijirekebishe chenyewe. Akachagua ukumbi huu wetu wa chini, usio na madirisha. Alifunga kifaa kinachohisi mwendo, ili watu wakiingia taa na joto viwake, wakitoka vizimike. Mwalimu Azim akaja kukagua Jumapili moja ya Januari, kikundi cha maombi kikiwa ukumbini. Tulipoimba na kucheza, mambo yalikwenda barabara. Kisha Mzee Tharcisse, kiongozi wa kikundi, akaita maombi ya kimya. Mnatujua watu wa Burundi na Kongo: tukishapiga magoti, hata kikohozi husubiri. Haukupita muda, taa zikazimika na joto likakatika.

“Mama Divin,” sauti ya Mzee Tharcisse ikasikika gizani, “jengo lako linadhani tumekufa.”

Kila mtu alicheka isipokuwa Mama Divin. Mwalimu akampa nafasi moja tu ya kurudia.

Kesho yake nilimkuta ukumbini ameketi bila kutikisika, akingoja taa zizimike, kisha akipunga mkono na kuanza upya. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anajiuliza: mtu akitulia kabisa, bado anafanya nini? Anapumua! Akaongeza kifaa kinachopima hewa tunayoitoa puani. Tulipoitwa kurudia maombi, tuliomba kwa bidii kuliko siku zote, ingawa naamini wengi tuliomba jicho moja likiwa kwenye taa. Hazikuzimika. Mwalimu Azim, Mwismaili, Mwislamu peke yake kati yetu, alisema Amina kwa sauti kutushinda wote.

Mama Divin alifaulu. Kampuni ya nje haikuja, na hakuna aliyepoteza kazi. Mitambo inabaki mikononi mwa mafundi Brice na Jolie, aliowafunza mwenyewe, nao sasa wanachosha watu kwa kuuliza kwa nini.

Mama Divin, asante sana. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na usiache kuuliza. Sherehe ya leo itafungwa kwa maombi ya kimya kwa ajili yako. Tutapiga magoti, hatatikisika mtu, na taa zitaendelea kuwaka, kwa kuwa ulilifundisha jengo hili kwamba tumo.