Bwanausi bin Abdulazizi, Tabibu wa Presha

Marehemu Bwanausi bin Abdulazizi alizaliwa Fukayosi tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Mzee Abdulazizi na Bi Adila. Alisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza sekondari Bagamoyo mjini, kisha akafuzu utabibu mwaka 1982.

Alitibu watu miaka thelathini na tano, kwanza Lugoba, kisha hapa nyumbani. Kwa presha alikuwa na msimamo: hakumpima mtu aliyekuwa bado anasalimia. Bi Mwanvita aliwahi kufika akitoka kugombana na wifi yake, na kipimo cha muuguzi mlangoni kikasoma 178.

"Shikamoo, daktari. Mama Maulida hajambo? Watoto je?"

"Marahaba. Wote hawajambo. Sasa nyamaza, na wifi yako mpumzishe dakika tano."

Baadaye kikasoma 146. Aliwaeleza wagonjwa kwamba pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo zipo seli za neva zinazopokea habari ya hasira na wasiwasi, zikauharakisha moyo na kuibana mishipa. Mtu akitulia, nazo hulegeza.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa Mwalimu Mwajabu binti Amiri wa Mbegani. Waliishi kwa heshima miaka thelathini na saba.

Yeye mwenyewe aligundulika na presha mwaka 2013. Mwaka huu, kwa kujiona mtulivu, aliacha dawa wiki saba bila kumwambia mtu. Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, alibishana na mdogo wake, Shamsudin, juu ya mpaka wa shamba la minazi. Jioni akaanguka, upande wa kushoto ukapooza. Tangu hapo yamesemwa mengi, na wapo wanaotaka Shamsudin asiguse hata jeneza. Marehemu alimwambia mkewe hospitalini, mbele ya binti yao Maulida: "Ugomvi ule ulinipandisha presha kwa muda wa saa moja tu. Presha ninayo miaka kumi na moja, na dawa niliziacha mimi. Shamsu ndiye anipokee kaburini."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sitini na sita. Ameacha mjane, watoto watatu, Maulida, Mikdad na Sophia, wajukuu watano, na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, Shamsudin.

Maziko ni leo baada ya sala ya Ijumaa. Atakayeshuka kaburini kumpokea ni Shamsudin. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampe utulivu.