Nilimficha Mtoto Kifo cha Babake

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Na nyinyi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, Bwana asifiwe tena! Nimeabudu katika kanisa hili miaka mingi bila kushika kipaza sauti. Leo nitasema, kwa sababu Mungu amenitoa mbali.

Wengi mnanijua kama Mama Nkatha wa Burat, yule wa shamba la vitunguu. Bwanangu Mutuma alikuwa dereva wa lori la mbuzi. Siku moja, kwenye barabara ya Merti, lori likapinduka. Hakufika hospitali akiwa hai.

Nkatha, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka tisa. Wakati huo alikuwa Timau kwa dadangu, shule zimefungwa. Watu wa ukoo wakasema mtoto asiambiwe, ataharibika akili. Nami nikakubali. Tukamzika Mutuma kwao Tigania bila mtoto wake kuwa pale.

Aliporudi akauliza, "Baba ako wapi?"

Nikamwambia, "Ameenda Sericho kikazi. Huko netiweki hakuna."

Ndugu zangu, uongo huo niliusema nikikata mboga ya sukuma wiki, bila hata kumwangalia usoni. Nilidhani namhurumia. Kumbe nilikuwa naogopa kilio chake, kwa sababu changu nilikuwa nimekimeza.

Miezi ikaenda. Halafu shuleni mtoto mwenzake akamwambia, "Babako alikufa kitambo." Nkatha akachukua jiwe, akamvunja jino. Mwalimu akaniita. Tukirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, ni ukweli?" Mungu alinipa nafasi pale pale, na mimi nikasema, "Huyo mtoto ni mwongo."

Ee Bwana, nisamehe!

Tangu hapo nyumba yangu haikuwa nyumba. Mtoto alipiga, aliuma, alirusha sahani. Ukimwambia aoge, anapiga mayowe mpaka sauti inaisha. Majirani wakaita watoto wao ndani wakimwona anakuja. Akina mama wa maombi mlikuja, nawashukuru, lakini alipomuuma mmoja wenu mkono, hamkurudi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilitamani kutorudi.

Nikawa nachota maji wakati hakuna mtu mferejini, ili nisiulizwe habari za nyumbani. Nilipika chakula cha watu wawili na tukala kila mtu amempa mwenzake mgongo. Hakuna upweke kama huo, ndugu zangu: kuwa na mtoto wako ndani ya chumba kimoja na usijue utampitia wapi umfikie. Bwanangu hayupo, na huyu aliyebaki naye ananitazama kama adui. Niliomba, lakini maneno yalikauka mdomoni.

Siku ya soko la mifugo, saa nane mchana, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mama wa Kiborana, muuza maziwa ya ngamia, amemshika Nkatha mkono. Yunifomu ya mtoto ilikuwa vumbi tupu.

"Mama, huyu ni wako?" akauliza. "Amezunguka soko lote akiuliza madereva, nani anaenda Sericho. Mmoja alikuwa karibu kumbeba."

Nikakaa chini pale mlangoni, nikalia kilio ambacho sikulia kwa mazishi. Yule mama, anaitwa Mama Halima, akaweka mitungi yake chini, akakaa na mimi kwa vumbi. Hakuniuliza dini yangu. Baadaye akasema, "Binti yangu pia alikuwa anapiga watu, tangu ndugu yake auawe malishoni. Kuna dada kwa kituo cha afya, kazi yake ni kuongea na watoto wenye uchungu. Si wazimu, mama. Kesho nitawapeleka." Na kesho yake akaja kweli!

Yule mshauri ni msichana wa Kiturkana, jina lake Nakiru. Nilitarajia dawa. Nikakuta mkeka, udongo wa kufinyanga na kalamu za rangi. Akamwambia Nkatha achore watu wa kwao. Akanichora mimi, akajichora yeye mbali na mimi, na kwa kona kabisa akachora lori.

"Nani ako kwa lori?" Nakiru akauliza.

"Ni Baba. Ako Sericho na haji. Hanitaki."

Ndugu zangu, nilisikia kama nimepigwa kofi. Nilidhani nimemwachia mtoto baba aliye hai. Nilimwachia baba aliyemkataa!

Nakiru akaniita kando. "Mama, ukweli utamuumiza. Lakini uongo unamuumiza kila asubuhi. Mwambie wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa hapa."

Wiki iliyofuata nilishindwa, nikatoka nje nikisingizia kikohozi. Wiki ya pili nikakaa kwa mkeka, nikamwangalia usoni, nikasema, "Nkatha, Baba alikufa. Lori lilipinduka. Hakuenda Sericho. Nilikudanganya, na mwenzako shuleni hakuwa mwongo."

Alinirukia akanipiga ngumi kifuani, akipiga mayowe. Nakiru hakumwambia anyamaze. Aliweka mto kati yetu, akasema, "Piga hapa. Una haki ya kukasirika." Akapiga mpaka akachoka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaenda, ama alikuwa anarudi?"

Nikamwambia, "Alikuwa anarudi nyumbani."

Akaniangukia mapajani. Haleluya! Ilikuwa zaidi ya mwaka tangu mtoto wangu anishike.

Sitawadanganya tena. Hasira haikuisha siku hiyo. Tunaenda kwa Nakiru kila Jumatano, mimi pia nafundishwa. Ikimpanda, tunakanyaga chini kwa nguvu na kupuliza pumzi polepole kama mtu anayepoza uji. Kuna siku inasaidia, kuna siku sahani inavunjika. Tulienda Tigania akaona kaburi la babake. Kwa mwenzake wa shule tulienda pia, tukaomba msamaha wote wawili.

Namshukuru Mungu aliyesikia nilipokosa maneno, akanitumia jibu kupitia muuza maziwa ambaye hasali hapa. Akina mama, maombi yenu hayakupotea!

Na wewe uliyekaa hapa leo, una mtoto ambaye watu wameanza kumwogopa, mwamini Mungu na umwambie mtoto ukweli. Usijifungie. Ibada ikiisha nitakuwa pale nje kwa kivuli cha ukuta. Si lazima unieleze kitu. Niambie tu, "Twende Jumatano," na tutaenda pamoja.