Sista Gaudensia na Mkeka Uliochelewesha Foleni

Tarehe 14 Agosti 2026, Sista Gaudensia Nyabise anastaafu baada ya kuwahudumia watoto wachanga wa mkoa wetu kwa miaka 37. Alianzia zahanati moja ya Butiama, akahamia Guta kule Bunda, na tangu mwaka 2006 yuko nasi kliniki ya mama na mtoto hapa Kamunyonge. Miaka yote hiyo hajawahi kuharakishwa na mtu, ingawa wengi wetu tumejaribu.

Wageni wakiuliza kwa nini foleni yetu haisogei, tunawaonyesha mkeka. Kabla mtoto hajapimwa uzito, Sista humlaza hapo, akamwangalia anavyoinua shingo, anavyogeuka, anavyonyoosha mkono kufuata kijiko anachomwonyesha. Kisha hutikisa kiberiti chenye punje za mahindi nyuma ya sikio moja, halafu la pili, akasubiri. Mama naye huulizwa mtoto amefanya jipya gani tangu kliniki iliyopita, na jibu la "hajambo tu" halipokelewi. Mimi Abednego, karani wa mapokezi, niliulalamikia mkeka huo kwenye vikao vitatu, na kumbukumbu zipo.

Mkeka una sababu yake. Mwaka 1992 kule Butiama, mama mmoja aitwaye Dorotea alimleta mwanawe wa miezi kumi ambaye hakuweza kukaa. Sista, bado mgeni kazini, alimwambia asubiri, watoto hawalingani. Aliporudi, mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu na hajasimama. Kisa hiki Sista huwasimulia wauguzi wapya bila kujitetea. Husema ni kweli watoto hawalingani, mmoja hutembea na miezi kumi na mwingine na miezi kumi na saba, lakini anayesubiri lazima aendelee kuangalia.

Nami yakanifika. Mwanangu tulimpa jina la marehemu baba yangu, Keraryo, mzee aliyeweza kumaliza siku nzima bila kusema maneno kumi. Mtoto alipofika miezi kumi bila hata kubwabwaja "ba-ba-ba", nyumbani hatukushtuka. "Huyu anakuwaga mkimya kama mwenye jina lake," alisema mama yangu, na mimi nikajivunia. Sista akatikisa kiberiti, Keraryo hakugeuka. Akarudia wiki iliyofuata, kisha akaandika rufaa ya kwenda Mwanza. Nikaitia mfukoni. Kwa wiki tatu alifika kila asubuhi dirishani kwangu kuuliza safari ni lini, akina mama wote wakisikia, mpaka aibu ikanipandisha basi.

Mwanangu alikuwa hasikii vizuri. Alipewa vifaa vya kusikia, na sisi Sista akatupa kazi: kumsemesha uso kwa uso tukimwogesha, tukimvalisha, tukichambua dagaa, hata asipojibu. Tulichoka, yeye hakuchoka kutufuatilia. Keraryo alijibu akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, na neno lake la kwanza lilikuwa "dagaa". Nililia mbele ya sufuria.

Sista, asante. Umeshamkabidhi muuguzi Faudhia mkeka wako, na karani hatalalamika tena. Nilitaka nimalizie mimi kwa kukutakia maisha mema, lakini nafasi hiyo imeshachukuliwa. Keraryo yuko darasa la pili sasa, na amekataa maneno hayo yasemwe na mtu mwingine. Siku ya sherehe atasimama mbele yako, akwambie mwenyewe.