Koki Kuu Iko Wapi?

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Wengi mlimwita Mzee Koki. Alifariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane. Alikuwa akingoja kubadilishiwa vali ya moyo. Narudia: alikuwa akingoja.

Kama bomba la jikoni kwako liliwahi kuvuja, huenda alipiga magoti chini ya sinki lako. Alikuja na spana yenye mpini uliozungushiwa mpira mwekundu, na swali moja. Hata salamu ilichelewa. "Koki kuu iko wapi?" Mama mmoja alimwambia, "Baba, chai kwanza." Akajibu, "Chai haizuii mafuriko, mama."

Kila aliyejifunza kazi kwake alisikia maneno haya: ukigusa vali kabla hujajua koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, iko wapi, maji yatakufundisha adabu. Aliyeyasikia zaidi ni bintiye wa mwisho. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo hakumwita fundi. Alimwita saidia, yaani msaidizi wa fundi. "Saidia, lete tepu." Leo binti ana mafundi wanne chini yake, lakini kwa baba alibaki saidia.

Mimi nilikaa na mzee dawati moja kwenye masomo ya jioni. Tulijifunza kuandika tukiwa tayari na wajukuu. Siku alipoweza kutia saini, alitia saini kila karatasi, mpaka daftari langu. Mwalimu akamwambia, "Mzee, hilo si lako." Alicheka mpaka dawati likatikisika.

Mwaka huu pumzi ikaanza kumwishia. Ngazi tatu, anasimama. Kufunga kamba za viatu, anasimama. Hospitali ya hapa mjini ikagundua kwamba vali moja ya moyo wake imekakamaa, haifunguki vizuri. Daktari wa moyo, mwanamke kijana, akamweleza kwamba inaweza kubadilishwa bila kupasua kifua. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Vali mpya inafunguliwa ndani ya ile ya zamani.

"Kumbe tuko kazi moja, binti yangu," akasema mzee. "Ila wewe huwakatii maji majirani."

Kisha akauliza swali lake lile lile. Daktari hakuficha.

"Hapa hatuna wapasuaji wa moyo, mzee wangu. Mshipa ukichanika, hakuna wa kufungua kifua. Ni mara chache, lakini hutokea. Hospitali kubwa wanao, ila foleni yao ni miezi minne. Kwa moyo huu, mimi naogopa kungoja kuliko ninavyoogopa mrija."

Mzee akaomba kalamu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake kwenye fomu ya ridhaa. Herufi moja tu. Ndipo bintiye, aliyekuwa amemsindikiza, akamshika mkono.

"Baba, si wewe uliyenifundisha? Vali haiguswi mpaka ujue koki kuu iko wapi. Hapa haipo. Twende iliko."

Mzee alimtazama. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Haya, fundi."

Alingoja wiki kumi na moja. Zilikuwa zimebaki sita. Jumanne alikaa kitandani kuvaa soksi. Alivaa moja.

Nilipokwenda kutoa pole, binti alinivuta pembeni. "Baba mdogo," aliniambia, "miaka kumi na tisa nililitamani neno lile. Sasa linanikaba. Aliniita fundi kwa kuniamini, au alichoka kubishana na mimi? Moyo si bomba. Nilikosea wapi?"

Nilimfuata daktari. Nikampelekea swali hilo. "Huenda ningempoteza mezani siku ile ile," alisema. "Huenda leo angekuwa kliniki ananitania. Fomu yake bado iko mezani kwangu. Siwezi kuitupa."

Nimeliombea jambo hili kwa Mungu tangu Jumanne. Bado naomba.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole mjane wake, watoto na wajukuu. Mungu awafariji, ampokee mja wake. Nanyi mlio na mtu nyumbani anayengoja tarehe ya hospitali, kaeni naye leo. Muulizeni anaogopa nini zaidi, kwenda au kungoja. Kisha mwacheni amalize kusema.

Na wewe binti yake, najua unanisikiliza. Kama mlikosea, sijui. Hilo lina Mwenyewe. Ila nilikaa na baba yako dawati moja. Alikuwa mbishi mpaka mwalimu akakata tamaa. Neno lile hakuligawa kwa uchovu.

Pole sana, fundi.